Uso Ambao Lazare Hakuujua

Harufu ilinifikia kabla ya muziki. Tulikuwa bado ng'ambo ya reli, mimi na Lazare, tukingoja mabehewa ya mizigo yapite, na upepo wa Julai uliotoka uwanjani ulituletea moshi wa mkaa, mafuta ya mawese yaliyokaangiwa tangu jana yake, na chini ya hayo yote kitu kitamu cha kuchefua, kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa mezani. Niliziba pua kwa ncha ya kitambaa changu. Lazare alinitazama, akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho kwa miezi saba, na nilikuwa nimekitamani kiasi kwamba niliteremsha kitambaa ili nikisikie vizuri.

Alikuwa ameshuka asubuhi ile kutoka Bukama, baada ya siku mbili juu ya behewa, katikati ya magunia ya mahindi na familia zilizokimbia vita. Vumbi lilikuwa limemzeesha nywele na nyusi, lakini macho yalikuwa yaleyale, yenye utulivu ule uliokuwa ukinifanya nisahau maneno niliyoyapanga. Mkononi alibeba kitunga kikubwa cha samaki wakavu kilichofungwa kwa majani na kamba. Hakutaka kukiacha popote. Kilikuwa cha Jumamosi.

Jumamosi hiyo ilikuwa imeninyima usingizi kwa wiki nzima. Wajomba zake wawili walitarajiwa kufika kutoka kijiji cha Katoto na mahari yangu. Baba, Mwalimu Abdias Nday, ambaye nusu ya mji wa Kamina ilijifunza kusoma mbele ya ubao wake, alikuwa amekubali, lakini kwa sharti kwamba Mama naye akubali. Na Mama, kila tulipomuuliza, alijibu kwamba atasema Jumamosi. Baada ya siku hiyo Lazare, aliyekuwa nesi katika zahanati moja ya Bukama, alipaswa kwenda Malemba-Nkulu pamoja na wenzake kupambana na kipindupindu. Hakuna aliyejua kama treni nyingine ingepita, wala kama njia ingebaki wazi. Mwaka ule wa tisini na tisa tulikuwa tumejifunza kutotamka maneno "mwezi ujao". Mama akikataa Jumamosi, basi.

Sababu yake ya kusita haikuwa dini, ingawa alipenda kukumbusha kwamba sisi ni Wamethodisti na wao ni Wakatoliki. Sababu ilikuwa samaki. Baba yake Lazare alivua, babu yake alivua, na Mama alidai kwamba kila mara kijana huyo anapokikalia kiti chetu ni lazima kiti kianikwe juani. "Utalala na ile harufu, utaamuka nayo," aliniambia siku moja akichambua mchele. "Na batoto bako batazaliwa nayo."

Na pamoja na hayo yote, wawili hao walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso. Kwetu Waluba mwanamume hamtazami mama wa mchumba wake, wala hali chakula mbele yake, mpaka ndoa itimie na haya hiyo iondolewe kwa kuku ambaye mkwe humpelekea. Heshima hii tunaiita buko. Baba, kwa usomi wake, aliitabasamia. Mama, aliyekuwa akiwaongoza wanawake wa kanisa katika sala, aliishika kuliko Amri Kumi. Mara nne Lazare alikuja nyumbani, na mara nne Mama alizungumza naye kutoka nyuma ya pazia la mlango. Wakipishana njiani, Lazare aliingia majanini, akageuka, akangoja hatua zipotee. Aliwahi kuniambia kwamba anaijua sauti ya mama yangu na anaijua miguu yake, na kwamba siku atakayoiona miguu hiyo sokoni peke yake ataisalimia. Tulicheka sana siku hiyo.

Behewa la mwisho lilipita, tukavuka.

Kermesse ya kwaya, sikukuu ya nyimbo na chakula, ilikuwa katika siku yake ya pili. Parokia na makanisa ya mji yalikuwa yameshirikiana kuitayarisha ili kupata mablanketi ya wakimbizi waliolala shuleni, na kwaya zilikuwa zimekuja kutoka Luena, Kabongo, na vijiji ambavyo sikuwahi kuvisikia. Jukwaa lilijengwa kwa mbao za reli. Jenereta lilikohoa nyuma yake, vipaza sauti vilipasuka kila sauti ya nne ilipopanda, na ukingoni mwa uwanja mzima, meza kwa meza, watu walikuwa wakila.

Nataka nieleze nilichokiona bila kuongeza chumvi. Mwanamke mmoja alikuwa akiosha sahani ishirini katika beseni moja, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa na juu yake duara za mafuta. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, uliuzwa kutoka ndoo iliyowahi kubeba rangi ya ukuta, kwa kikombe kimoja kilichozunguka mdomo hadi mdomo, na mzee mwenye kidonda kwenye mdomo alikunywa, akafuta ukingo kwa kidole gumba, akakipitisha. Kikanda, ule mkate wa mizizi na karanga, kilikatwa vipande juu ya gazeti, na wino wa gazeti ulibaki tumboni mwa kila kipande. Nzi hawakuruka tena walipopungiwa mkono, walikuwa wameshiba. Askari mmoja alitema mfupa, mbwa akauokota, akautema naye.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari huko Lubumbashi. Likizo iliyopita nilikuwa nimekusanya wanawake wa mtaa wetu mbele ya michoro niliyoipaka rangi kwa mkono wangu, nikawafundisha kuchemsha maji, kunawa, kufunika chakula. Walipiga makofi. Sasa niliwaona wawili wao nyuma ya meza, vidole vimo ndani ya mchuzi. Nilimwambia Lazare kwamba hawa si wachuuzi, ni watiaji sumu. Kwamba umaskini haumzuii mtu kuchemsha maji. Kwamba mama anayemuuzia mtoto wa mwenzake uchafu huu hana tofauti na anayempiga risasi. Nilisema hayo kwa saa nzima, kwa sauti yangu ya darasani. Lazare alinisikiliza, akiwa amekikumbatia kitunga chake, na mara moja, kwaya ya Kabongo ilipoimba polepole, kidole chake kidogo kiligusa changu kikakaa hapo.

"Lise," alisema mwishoni, "ile yote iko kweli. Lakini minyi sijakula tangu jana asubui."

Nilimsihi angoje tufike nyumbani. Alinikumbusha kwamba nyumbani asingeweza kula, kwa sababu ya Mama.

"Mama hayuko," nilisema. "Amekwenda kumwuguza shangazi."

"Akirudi, atanikuta na bukari mukononi? Hapana. Nitakula hapa." Alitembeza macho yake juu ya meza zote, kama anavyotembeza macho juu ya wagonjwa waliolazwa chini. "Ile kule, sufuria inachemuka. Kitu cha kuchemuka hakiue muntu."

Meza aliyoichagua ilikuwa ya mwisho, karibu na ukuta wa matofali, imefunikwa kwa magunia mpaka ardhini. Nyuma yake alikuwepo mwanamke aliyejifunga kitambaa cheusi mpaka kwenye nyusi, ameinama juu ya moto. Jirani yake, mwanamke mnene aitwaye Salomé aliyeuza mikate ya mafuta, alitukaribisha kabla hatujafika, akaniangalia, akamwambia Lazare kwamba huyu madamu wake anaitazama mikate yake kama vile inazikwa.

Lazare alimwamkia mwanamke wa sufuria kwa adabu, akaomba sahani moja ya nyama na bukari, ugali wetu. Mwanamke hakujibu. Alichota mchuzi, uso ukiwa chini.

"Huyu mama eko bubu?" Lazare alimwuliza Salomé kwa sauti ndogo.

"Tangu asubui anauza na vidole," alisema Salomé. "Labda anachunga sauti yake juu ya kuimba mbinguni."

Nilikuwa nikitazama kifuniko cha sufuria, kilichowekwa ukingoni mwa meza. Kishikio chake cha bati kilivunjika zamani, na mahali pake palikuwa na kile kijiti cha mbao kinachozungushiwa uzi wa kushonea, kimefungwa kwa waya. Waya huo niliufunga mimi, nikiwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa sufuria yetu ya Krismasi.

Niliinua macho. Mwanamke naye aliinua ya kwake, kwa kitambo kidogo kama mtu anavyofunua kidonda kukionesha, na macho ya mama yangu yakaniomba kitu kimoja tu: nisimwite.

Ningeweza kusema tuondoke. Nafasi ilikuwepo. Lazare alikiweka kitunga miguuni pangu, akanawa, akavunja tonge la bukari, akalifinyanga taratibu kwa vidole vitatu kama afanyavyo, akichovya na kusubiri lipoe. Ningeweza kuiangusha sahani. Lakini mke wa mchungaji alikuwa meza ya tatu kutoka kwetu, na nyuma yake walikuwepo walimu wawili wa shule ya Baba, na mimi nilikuwa nimetoka kuwaita wanawake hawa watiaji sumu mbele ya yeyote aliyetaka kusikia. Niliona tonge likipanda, nikaona midomo ninayoipenda ikifunguka mbele ya mtu ambaye haikupaswa kamwe kufunguka mbele yake, nami nilinyamaza.

Alitafuna mara mbili, akaacha. Uso wake ulikauka. Akageuka upande, akatema kiganjani, akakitazama alichokitema: nyuzi za nyama za kijani ukingoni, zenye utelezi ambao pilipili haikuweza kuuficha. Hapo harufu ile ya chombo cha maua ikanijia tena, na nikajua ilikuwa ikitoka wapi tangu ng'ambo ya reli.

Lazare si mtu wa kupaza sauti. Aliinamia meza, akasema kwa upole ambao wagonjwa husemezwa nao kitandani. "Mama, hii nyama imeoza. Na weye unajua. Umeweka ndimu na pilipili mingi juu bantu basisikie."

Mwanamke aliendelea kukoroga.

"Kule Bukama, mwezi ya sita, nilizika batoto kumi na mbili. Balitoka kwa sikukuu kama hii. Kumi na mbili, Mama."

Waliokuwa wakila karibu yake waliweka sahani chini, mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja alikwenda ukutani akaingiza kidole kooni. Salomé alisema, kwa kuridhika kusikofichika, kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa harufu ile haiko ya mikate yake. Mke wa mchungaji alikuwa amesimama kwenye ncha za vidole ili aone.

Lazare alinigeukia. Machoni mwake mlikuwa na imani nami niliyoitamani tangu siku ya kwanza nilipomwona akimfunga bandeji mtoto wa mtu asiyemjua. "Lise, weye njo unasoma udaktari. Umuambie."

Nami nilimwambia. Nilisimama wima, nikasema kwa Kiswahili changu safi cha shule, nikimtazama mahali pa juu kidogo ya kitambaa chake, "Mama, imwage."

Kwetu kila mwanamke anayeuza anaitwa Mama. Hakuna aliyesikia chochote katika neno lile, ila sisi wawili.

Aliifunga mikono yake kwa matambara, akaiinua sufuria, akaenda nayo mpaka kwenye mtaro wa nyuma ya meza. Nyama ilianguka kwa mkupuo mmoja, kwa sauti ya kitu kilicholowa. Mbwa watatu walikimbilia. Wa kwanza alinusa, akarudi nyuma, akakaa. Mama alirudi, akaiweka sufuria tupu juu ya meza, akaweka kifuniko, akafungua kinywa kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nimeimwaga, Lise. Sasa umupatie mukwe maji ya kusukutua mudomo."

Ilikuwa sauti ya nyuma ya pazia. Lazare, aliyekuwa bado na mafuta kwenye kidevu, alisimama kama aliyepigwa kofi. Hakumtazama. Macho yake yalishuka kwenye magunia, yakatafuta chini yake, na pale gunia lilipoachana na vumbi yaliiona miguu ile. Alijifunika mdomo kwa mikono miwili, akageuka, akatembea moja kwa moja hadi kwenye tundu la ukuta na kutoka nje ya uwanja.

"Yesu," alisema Salomé polepole. "Amekula mbele ya bumukwe." Kisha akaanza kucheka, tumbo lote, na kicheko kikaruka kutoka meza yake hadi ya pili, na kutoka ya pili hadi kwa mke wa mchungaji, na kwaya ya Luena, iliyokuwa ikipanda jukwaani, ikageuza vichwa kutazama kilichotokea.

Nilimkuta nyuma ya ukuta, amepiga magoti, anatapika. Hakikutoka kitu zaidi ya maji ya njano. Nilitaka kumshika mgongo, lakini alinyoosha mkono kunizuia, nikasimama hapo nikiwa na kikombe cha maji nilichokipata sijui wapi.

Alisukutua, akakaa na kuegemea matofali. Alisema kwamba kwao Katoto mtu aliyefanya alichokifanya yeye angengoja miaka kabla ya kuthubutu kupeleka kuku. Alisema amemtukana mama mkwe kwa mdomo uliokuwa na chakula chake. Alisema wajomba zake warudi tu njiani, hana uso wa kuingia nao kwetu Jumamosi. Nilimjibu kwamba kosa halikuwa lake, kwamba nyama ilikuwa imeoza kweli, kwamba alifanya kazi yake ya nesi. Niliongea haraka. Kadiri nilivyoongea ndivyo alivyozidi kunitazama, na nikapunguza sauti.

"Weye ulimujua?"

"Ndiyo."

"Tangu wakati gani?"

Ningeweza kudanganya, naye angenisadiki. "Mbele ya weye kutia tonge mudomoni," nilisema, nikiacha Kiswahili cha shule mahali fulani nyuma ya ukuta.

Lazare alikuwa na namna ya kutazama ambayo nilikuwa nimeiona mara moja tu maishani, dakika chache kabla, alipofungua kiganja chake kuona alichokitema. Sasa aliniangalia hivyo. Haikuchukua muda. Alizungusha uso, akatazama reli.

"Ulimuacha mama yako anione ninakula," alisema. "Kisha ulimuita Mama, sawa vile unaita muuza mikate."

Nilikuwa nimesema kweli kuhusu nyama, na kweli yangu ilikuwa ikininukia kuliko nyama yenyewe.

Kwaya ya Luena ilianza. Tuliisikiliza yote bila kugusana, na katika wimbo wote sikuthubutu kumtazama zaidi ya mkono wake, ambao saa moja kabla ulikuwa umeugusa wangu, na ambao sasa ulikuwa ukichimba vumbi kwa kijiti. Watu walipopiga makofi alisema, "Kile kitunga kiko wapi?"

"Kule kwa meza."

"Umupatie. Ana sufuria, hana kitu ya kupika. Usimuambie kama ni minyi."

"Ni ya Jumamosi, Lazare."

"Jumamosi gani?" alisema.

Nilikivuta kitunga kutoka pale nilipokiacha na kukipakata mikononi. Majani yalikuwa yamefunguka upande mmoja, na mafuta ya samaki yaliingia kwenye mikono ya blauzi yangu nyeupe. Mama alikuwa amechuchumaa nyuma ya meza, akiisugua sufuria kwa majivu na mchanga, ndani, nje, ndani tena. Kitambaa cheusi alikuwa amekivua. Hakukuwa na haja nacho tena.

Nilichuchumaa mbele yake. Nilisema samahani, naye akaendelea kusugua. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini shangazi, kwa nini nyama ile. Alijibu bila kuinua kichwa, kwa vipande, kila kipande kikifuatwa na mchanga. Nyama aliinunua Jumatatu kutoka treni iliyokwama Luena. Alijua. Aliiosha na ndimu mara tatu, akasema kwa moyo wake kwamba moto utamaliza. Usiku hakulala. Baba halipwi tangu mwaka ule mwingine, na nyumbani hapakuwa na kuku, hapakuwa na mbuzi.

"Na bajomba yake bangekula nini Jumamosi?" alisema. "Bangekuja kwa mulango yangu, nibapatie maji?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba pesa za nyama ile zilikuwa za kuwalisha wao. Kumbe neno la kukubali ambalo Mama alikataa kulitamka, alikuwa ameshalipika. Alikuwa amelificha chini ya kitambaa cheusi, na mimi nikaamuru limwagwe mtaroni.

"Hatakuja, Mama. Anasema hana uso."

Hapo aliacha kusugua. "Uso wangu hakuujua sababu eko na haya," alisema. "Mwaka muzima anageuka majanini, hata mara moja hakuiba kuangalia. Muntu wa namna ile anaweza kunitukana mara kumi, haiko tusi." Alimwaga majivu, akanitazama. "Weye ulinijua."

Alikata kamba ya kitunga kwa meno yake, akafunua majani, na harufu ya ziwa na moshi ikapanda usoni mwake. Niliona pua yake ikijikunja, kama nilivyoiona ikijikunja mara mia nyumbani. Aliivumilia. Aliwachukua samaki mmoja mmoja, akawavunja vichwa, akawaosha kwa maji aliyoyachemsha, akawaweka kwenye sufuria ya Krismasi pamoja na nyanya na vitunguu. Samaki wakaanza kuchemka. Salomé alisogea kunusa, akauliza kama safari hii iko ya leo au ya Noeli iliyopita. Mama akamwambia ale mikate yake.

Sahani ya kwanza aliijaza yeye mwenyewe, kipande cha mgongo, bukari ya moto kando, akaifunika kwa sahani nyingine. "Upelekee mukwe wangu," alisema, kwa sauti ambayo mke wa mchungaji aliisikia, kwa maana ilikusudiwa aisikie. "Akule kule nyuma ya ukuta, minyi nisimuone. Na umuambie bajomba yake baje na kuku. Tutaondoa haya na kupokea mahari siku moja, haina namna ingine."

Nilipokea sahani. Nilipogeuka alisema, "Ukimaliza, urudi. Sahani iko mingi."

Nilirudi hata kabla ya kuipeleka. Niliiweka sahani kando, nikaliinua beseni lake la kuoshea juu ya meza, si chini yake, mahali ambapo walimu wa Baba wangeweza kuliona. Nikauliza kwa sauti, "Mama yangu, maji ya moto iko wapi?" Alinisogezea birika kwa mguu.

Lazare alikuwa bado kwenye matofali. Nilimpa sahani na ujumbe, neno kwa neno, pamoja na lile "wangu" la Mama. Alifunua, akaona samaki wake mwenyewe. Kisha aligeuza mgongo wake kwa ukuta, kwa uwanja, kwa mama yangu aliyekuwa upande wa pili na asingeweza kumwona hata angetaka, akasema sala fupi, akala. Alikula taratibu na kwa uangalifu, kama anayetia sahihi.

Nilikaa hatua mbili kutoka kwake. Blauzi yangu ilinuka samaki, vidole vyangu vilinuka majivu na mafuta ya watu nisiowajua, na mdomoni, ingawa sikuwa nimeonja kitu siku nzima, nilihisi utelezi ule wa kijani. Sikuthubutu kuomba chochote, msamaha wala tonge. Nilitazama shingo yake, mahali ambapo vumbi la treni lilikuwa limechorwa mistari na jasho, na nikajua kwamba kama angesimama sasa na kwenda Malemba bila kugeuka, ningeikumbuka shingo hiyo mpaka uzee wangu.

Alifika nusu ya sahani, akaacha. Akaisukuma juu ya vumbi mpaka ikawa katikati yetu, upande ule wenye mgongo wa samaki ukinielekea.

Nilinyoosha mkono.

"Hapana," alisema, bado akitazama reli, na nilisikia, mbali sana, chini ya sauti yake, kitu kidogo kilichofanana na kicheko cha asubuhi. "Nawa kwanza."

Nikainuka, nikarudi kwenye beseni la Mama.